Sufuria Isiyoonjwa

Dativa mwanangu,

Mama yako amekwisha kukupangia kila kitu. Amekuandikia nyuma ya karatasi ya kalenda lini uvae sweta, wapi ufiche pasipoti, na sala ipi usome ndege ikianza kutikisika. Mimi hapo sina cha kuongeza, na hata ningekuwa nacho asingeniruhusu. Sasa hivi anakufungia dagaa kwenye mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Nimemwambia watu wa uwanja wa ndege watawanusa tu na kuwatupa, akaniambia nitoke jikoni kwake. Nimetoka. Nimekaa barazani, jua bado liko juu ya mikaratusi ya shule, nakuandikia jambo ambalo hata yeye halijui lote.

Unakumbuka siku uliyokuja na habari ya chuo. Ulisoma jina la mji, mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mimi nikasema, "Hebu rudia." Ukarudia. Nikaondoka kwenda kuangalia kuku. Juzi umeniuliza, "Baba, siku ile ulinuna. Hukutaka niende?" Nikakujibu kwamba kichwa kilikuwa kinaniuma kwa jua. Kichwa hakikuwa kinauma. Mji ule nilikuwa nimeshausikia kabla yako, na niliusikia pamoja na habari za mtu ambaye nilimkosea.

Lakini acha nianze na mji wenyewe, maana siuamini. Wanaandika Tucson, wanasoma Tusoni. Ile herufi c imekaa katikati haifanyi kazi yoyote na hakuna anayeihoji. Miaka yangu yote ya ukaguzi, nikimkuta mtu jikoni hafanyi kitu, nilimuuliza pale anafuata nini.

Halafu ukaniletea ile orodha kwenye simu, sehemu kumi za kula chakula cha Kimeksiko katika mji huo. Ulitaka kunituliza. Ulisema, "Baba, usihofu njaa, Wameksiko wanakula kama sisi, mahindi, maharage na pilipili." Nimeisoma mara tatu, na miwani na bila miwani. Mtu mmoja ameandika kwamba hajawahi kula kitu kitamu namna ile maisha yake yote, na hakusema ana umri gani. Mwingine amesifu taa. Taa, Dativa! Mtu ametoka kwake kwenda kula, anarudi anasifu taa. Mimi nikisikia hivyo najua mwanga wa mle ni hafifu, na jiko lenye mwanga hafifu lina sababu zake. Sehemu ya nne ina nyota nne na nusu, na hakuna aliyeeleza ile nusu nyingine iliishia wapi. Huenda ndiyo iliyoumwa tumbo.

Sehemu ya saba wanauza soseji iliyozungushiwa nyama ya nguruwe, ikatiwa ndani ya mkate, ikamwagiwa maharage, na jina la chakula hicho lina mbwa ndani yake. Umenieleza ni jina tu. Sawa. Nimekagua mabucha ya Kibondo na Kasulu kwa miaka mingi, na mara nyingi jina ndilo lililokuwa la kweli kuliko vyote.

Kilichonishtua zaidi ni chokaa. Imeandikwa wazi, tena kwa kujisifu, kwamba mahindi ya zile chapati zao wanayachemsha na chokaa. Chokaa sisi tunapaka ukuta wa choo! Ningemkuta mtu hapa Kasulu anachemsha mahindi na chokaa ningemfungia biashara kabla sijamuuliza jina. Halafu nikamkumbuka bibi yako, ambaye umerithi jina lake. Alikuwa anachoma maganda makavu ya maharage, anachuja majivu yake kwa maji, na maji hayo anapikia kisamvu kigumu mpaka kinalainika. Nimekula majivu utoto wangu wote na meno yangu yote unayaona. Kwa hiyo chokaa nimeiachia, kwa sasa.

Uliniomba nikuchagulie, ukicheka, kwa sababu unajua ninavyochagua. Nyota sizifuati. Ninafuata kitambaa cha kufutia meza, na kikinuka nimemaliza ukaguzi. Naangalia kucha za anayekata vitunguu. Nazunguka nyuma kuona maji machafu yanaelekea wapi. Yale magari yanayopikia chakula kando ya barabara, ambayo wewe uliyadharau, mimi nayapa nafasi, maana jiko zima liko mbele ya macho yako na mpishi hana pa kujificha. Ila nyama ndani ya gari kwenye jangwa lile, hapo ningetaka kuona barafu yao kwanza.

Kitu kimoja nimekitafuta kwenye orodha yako nzima sijakipata. Sehemu kumi, maneno yote yale, na hakuna hata mtu mmoja aliyetaja jina la mpishi.

Kwangu mpishi ndiye kila kitu, na unajua kwa nini. Kipimo changu kikubwa sikukipata kwenye chuo cha afya. Nilikipata nyumbani Muyama, ambako mwenye kutoa ndiye anayeonja kwanza. Baba yangu hakuwahi kumpa mgeni pombe kabla hajapiga funda moja mgeni akimwona. Mama yangu alimega tonge la kwanza, akachovya, akala, ndipo akasogeza sahani. Hakuna aliyeona vibaya. Mwenyeji alikuwa anasema bila kusema, kama kina kitu basi tunakufa wote.

Nilikuwa na miaka minane baba yangu mdogo alipokunywa pombe kwenye nyumba ambayo mwenyeji alisahau kuonja. Siku chache baadaye tukamzika. Mwanamke wa nyumba ile alihama na mikeka yake, nasikia aliishia upande wa Nyakitonto, na jina alilopewa lilimfuata huko. Nilipokuja kusomea afya nikajifunza dalili za magonjwa, nikatambua kwamba yale macho ya njano na ule mkojo mweusi wa baba mdogo havikutoka kwenye kibuyu cha mtu yeyote. Ilikuwa malaria kali. Nililijua hilo kwa kichwa. Tumbo langu halikulijua, na mimi nimefanya kazi yangu yote kwa tumbo.

Na kwa tumbo hilo nikakulea wewe. Harusini hukunywa soda ambayo haikufunguliwa mbele yako. Msibani ulikula ndizi mbivu tu kwa sababu zina ganda. Ulipokuwa darasa la sita, tukiwa bado Kibondo, ulikwenda Kumsenga kwa rafiki yako Jenista. Mama yake akawapakulia maharage, na wewe, mtoto mdogo, ukamwambia mtu mzima, "Onja kwanza, mama." Ulirudi ukanisimulia nikacheka sana, nikakusifu mbele ya wageni kwamba huyu ndiye Bwana Afya wa kesho. Jenista hakuja tena kwetu. Ulilia siku kadhaa, na mama yako alipouliza nikasema una mafua.

Sikukufundisha tofauti iliyopo, na sikukufundisha kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nayo. Mwenyeji akionja kwa hiari yake amekuheshimu. Ukimdai aonje, umemshtaki.

Sasa nikueleze.

Ulikuwa kidato cha pili, tumeshahamia Kasulu. Msimu ule wa mvua watu wengi waliharisha, nikapangiwa kukagua vyakula kwenye soko la jirani na kambi, lile ambako wakimbizi na wenyeji walikuwa wanauziana. Nilikwenda na koti langu jeupe, tochi, na dumu la klorini. Pembeni kabisa alikaa mama mmoja Mkongo, mnene, kilemba cha njano, watu wanamwita Mama Riziki. Alikuwa anauza sombe, yaani kisamvu chao, pamoja na kwanga. Kwanga ni muhogo uliovundikwa ukatwangwa, ukafungwa kwenye majani ya mgomba na kuchemshwa mpaka ukashikana.

Aliponiona aliinuka, akainama, akapiga makofi taratibu, yale makofi yetu Waha ya kumsalimia mtu unayemheshimu. Alikuwa amekaa kwetu muda wa kutosha kujifunza. Mimi nilikuwa na tochi mkono huu na dumu mkono ule. Sikuitikia.

"Papa dokta, karibu sana," akasema. "Njo ukule, iko muzuri."

Nikafungua jani moja. Kikatoka kiharufu cha uchachu. Muhogo wetu wa ugali nao unavundikwa, nao unachacha, na nimeula tangu sijaota meno, lakini siku ile pua yangu ilikuwa kazini.

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

Akacheka. "Leo siwezi, papa. Niko na maombi."

"Maombi gani ya kumzuia mtu kuonja mboga yake?"

"Ya kufunga. Siku tatu, hata mayi sinywaki. Kesho magaribi ndio nafungua."

"Unafunga, halafu unapikia watu?"

"Batoto yangu watakula nini, papa, kama sipikaki?"

Lilikuwa jibu zuri na mimi sikulisikia. Nilichokiona mbele yangu ni mpishi anayekataa chakula chake mwenyewe. Nilimwona yule mwanamke wa Muyama. Nikamgeukia mlinzi wa soko, Muha mwenzangu, nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa Kiha, neno moja. Umurozi.

Wewe unalijua neno hilo lina uzito gani. Kwa Kiswahili watu husema mchawi, lakini sivyo hasa. Umurozi ni mtu anayewatilia wenzake sumu kwenye chakula, na ukishaitwa hivyo hakuna atakayepokea hata maji kutoka mkononi mwako. Nililisema kwa Kiha nikiamini Mkongo hataelewa. Ndiyo tabia yetu, tunakisema Kiha mbele ya wageni kama tumefunga mlango.

Mama Riziki alikuwa amekulia Uvira, pale mpakani na Burundi. Kirundi alikisikia tangu utoto, na wewe unajua Kirundi na Kiha vilivyo ndugu. Aliacha kucheka. Alinitazama usoni, akaniambia pole pole:

"Sindi umurozi, papa."

Mimi si mtia sumu. Hakupiga kelele, hakulia, hakumwita mtu. Nami nikafungua dumu nikamimina klorini kwenye sufuria, juu ya sombe yote, na nyingine kwenye beseni la kwanga, maana kanuni inataka chakula kilichokataliwa kiharibiwe mtu asije akakila. Mkono wangu haukutetemeka. Huo ndio ukweli, ningependa kukuambia ulitetemeka.

Neno lile sikuliandika popote, na halikuhitaji kuandikwa. Mlinzi alikuwa na mke, na mke alikuwa na kisima anachochotea maji na wenzake. Kabla ya wiki kwisha lilikuwa limefika shuleni kwako. Ulikaa mezani hapo ndani, ukaniuliza, "Baba, yule mama wa kwanga wanasema ni mrozi. Wanasema Bwana Afya alimwambia aonje akakataa. Ni kweli?"

Nilikujibu, "Kula ugali wako."

Nimekuwa nikilikumbuka jibu hilo zaidi ya klorini. Ulikuwa umenipa mlango wazi, mwanangu mwenyewe, na nilihitaji maneno mawili tu ya kusema, kwamba alikuwa amefunga. Wewe ungeyapeleka shuleni, na huenda yangefika kisimani. Niliogopa kuonekana mbele yako mtu aliyekosea kazi. Kwa hiyo ukala ugali wako, na ukaamini.

Kama wiki mbili baadaye nikapita soko lile. Alikuwa palepale, kilemba kilekile, sufuria imejaa, mteja hakuna. Ameweka sahani magotini anakula. Alikuwa anakula taratibu, na kila tonge alilinyanyua juu kidogo kabla ya kulitia mdomoni, ili anayepita aone. Nikamuuliza muuza nyanya wa jirani yake kuna nini. Akaniambia, "Ndivyo anavyoshinda. Akishiba anapumzika, akiona watu wanakuja anaanza tena."

Nilisimama pale nyuma ya nyanya za watu. Ilikuwa inatosha nisogee, nikae kwenye ndoo aliyoipindua iwe kiti cha wateja, niseme, "Nipakulie." Tonge moja la Bwana Afya lingefuta lile neno soko zima likiona. Na nilikuwa na njaa, nakumbuka, sikuwa nimekula tangu asubuhi. Alininyanyulia macho. Alinitambua. Hakuniita papa dokta safari hii. Alinyanyua tonge lake, akaliweka mdomoni, akatafuna akinitazama.

Nikazungukia upande wa mitumba. Na tangu siku hiyo, mpaka alipoondoka nchini, kila nilipokwenda soko lile nilipitia upande wa mitumba.

Hakuna mtu aliyeugua kwa chakula chake. Maradhi yale yalitoka kwenye kisima, niliandika mwenyewe kwenye ripoti yangu. Jina la Mama Riziki halikuwemo kwenye ripoti, kwa hiyo ripoti haikuweza kumsafisha. Naona aibu, Dativa. Nimekaa na aibu hii miaka yote bila kuiita kwa jina, na mama yako anadhani ni vidonda vya tumbo.

Mwaka jana nilikwenda sokoni kununua sabuni. Mama aliyekuwa anauza akanikazia macho.

"Wewe ndio ule papa wa klore."

Ni mdogo wake Mama Riziki, wanamwita Mama Safi, yeye bado yuko kambini. Nikasema ndiyo, ni mimi. Nilidhani atanirushia mche wa sabuni. Akafunga sabuni yangu kwenye gazeti bila haraka.

"Dada aliendaka Amerika," akasema. "Iko Tusoni. Anapikaka kwa Bameksiko. Anafungaka kwanga ya mahindi."

Ndipo akaniambia yale maombi yalikuwa ya nini. Siku ile niliyomkuta dada yake, walikuwa wanasubiri mahojiano ya safari ya Amerika, yeye na watoto wake, na alikuwa ameahidi siku tatu bila maji. Nikamuuliza kama dada yake ananikumbuka.

"Wewe, hapana sana," akasema. "Anakumbukaka neno."

Kwanga ya mahindi sikujua ni kitu gani mpaka niliposoma orodha yako. Ni tamale. Unga wa mahindi wanaukanda, wanaufunga kwenye maganda ya mhindi, wanaupika kwa mvuke. Nimeangalia zile picha nikaona mikono ikifunga, na nikaijua kazi ile ingawa mikono haikuwa yake.

Sasa unaelewa kwa nini nilikwenda kuangalia kuku. Miji yote ya Marekani, ukataja huu. Nimeshuku hata hilo. Nimejiuliza nani anapanga mambo haya, chuo, Mungu, au yule Mama Riziki mwenye maombi yake ya siku tatu, maana inaonekana yanajibiwa. Nilifikiri kukuambia uombe chuo kingine. Mara mbili nilifungua mdomo. Kisha nikafikiri kunyamaza, mji ni mkubwa, hamtakutana. Hilo ndilo nililotaka kufanya mpaka juzi uliponiuliza kama sikutaka uende. Niliona tena unanifungulia mlango, na mimi natafuta jibu la kula ugali wako.

Jana nilimfuata Mama Safi nikamwomba anuani ya pale dada yake anapofanya kazi. Alinitazama kwa shaka muda mrefu, akauliza naitakia nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazamwa vile nilivyowatazama watu maisha yangu yote, na si vizuri, mwanangu, ngozi inawasha. Nikamweleza habari zako. Akachana kipande cha boksi la sabuni akaandika. Kimo ndani ya bahasha hii. Jina la mahali hapo halimo kwenye zile sehemu zako kumi, nimeangalia.

Kwa hiyo umeniuliza wapi ule chakula cha Kimeksiko katika mji ule, na mimi nakujibu, kale pale.

Sikutumi ukaniombee msamaha. Nimejaribu kumwandikia barua mwenyewe, mara tatu, na kila mara imetoka kama ripoti ya ukaguzi, hali niliyoikuta na hatua nilizochukua. Nimezichana. Nadhani hata angeisoma, barua si kitu nilichomnyima. Nilimnyima tonge moja.

Na tena si kwa ajili yangu peke yangu. Utakaa huko miaka miwili, katika nchi ambayo hakuna mtu atakayejua kwamba anatakiwa kuonja kwanza. Watu watakuwekea sahani mezani kwa moyo wao wote na watakutazama wakingoja ule. Nakuona ulivyo sasa, mwanamke mzima, msomi, na bado ukikaribishwa unasema umeshiba. Umeshiba tangu Kumsenga. Hiyo njaa nimekupa mimi, na ninaogopa kukupeleka nayo mbali hivyo kuliko ninavyoogopa ile soseji ya mbwa.

Hapa nimekata mistari miwili. Usiipeleke kwenye mwanga kuisoma, nakujua. Nilikuwa nimeandika kwamba ule kwanza, ushibe, ndipo umwambie wewe ni binti wa nani, maana akijua kabla hajapakua, nani anajua mkono wake utafanya nini. Nimeirudia nikaona aliyeshika kalamu ni yule yule wa dumu. Mzee mzima, nimestaafu, mwanangu anasafiri kesho, na bado nimemwita umurozi mara ya pili, tena kwa maandishi. Basi nimekata. Lakini nimekuambia kwamba nimekata, ili ujue baba yako hajapona, anajitahidi tu.

Mama yako ananiita nije niketi juu ya begi ili lifunge. Dagaa wameshinda. Wacha nimalize.

Ukishazoea mji, nenda pale siku usiyo na masomo, mchana. Mwulizie Mama Riziki wa Uvira. Akitoka, weka chini kila ulichoshika, mikono yote miwili iwe mitupu, uiname umpigie makofi taratibu kama tunavyosalimia kwetu. Anayajua. Yale makofi anatudai.

Halafu mwambie kwanza, kabla ya chakula. Taja jina langu lote, useme Kasulu, useme klorini, useme wewe ni mtoto wa yule papa. Akikufukuza, toka kwa adabu, unipigie simu uniambie. Nitakuwa nimejibiwa, na sitamlaumu. Lakini akikuwekea sahani, usiangalie kitambaa chake cha meza. Usiangalie kucha zake. Usizunguke nyuma. Na kama hataonja, usimngoje. Fungua lile ganda, mega tonge la kwanza, linyanyue juu kidogo mbele ya macho yake, alione linavyoingia. Umeze, mama. Kisha umwambie akuongeze.

Baba yako